Fumua Mpaka Pale Ulipokosea

Manzese,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Herieth,

Salamu baadaye. Kwanza nijibu: simu yako ina nini?

Nimepiga siku nane. Nane, Herieth. Yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia mteja hapatikani, na mie namjibu kwamba huyo si mteja, huyo ni mjukuu wangu, nimemlea tangu ana miaka minne mama yake alipofariki, mtafute. Anarudia yaleyale. Hana adabu kabisa.

Jana nikamtuma Khalfani, huyu mpangaji mwenzangu wa bodaboda, maana ana abiria wake wa huko Goba. Karudi anacheka. Anasema upo, mzima, umekonda, na mlangoni umebandika karatasi: "Sipokei simu wala wageni mpaka tarehe 20 Juni." Wageni! Mie niliyekuogesha kwenye beseni leo nimekuwa mgeni?

Kama una mwanaume humo ndani, sema. Kama una mimba, sema, sitamla mtu. Kama umeingia kwenye yale makanisa ya kufunga siku arobaini, sema pia, ila hapo nitakuja mwenyewe. Khalfani atapita Jumatano kuchukua jibu. Asirudi mikono mitupu.

Bibi yako,
Auleria


Goba,
9 Aprili 2025

Bibi, shikamoo.

Nisamehe. Sina mwanaume, sina mimba, na sijafunga. Ninakula, ingawa ni mkate na chai. Bibi, ninasoma hesabu.

Unajua ofisini kwetu tunatengeneza programu za kompyuta za kuzisaidia zahanati kujua dawa zitaisha lini. Mwezi uliopita mkuu wetu, Brightson, alitukusanya akasema kazi inayokuja inataka watu wanaojua hesabu, siyo watu wa kuokota vipande mtandaoni na kuvibandika. Tarehe 20 Juni tutafanya mtihani, wote sita. Atakayepata chini ya sitini anatolewa kwenye kuandika programu, anapelekwa kule mbele kupokea simu za wateja. Aliposema "watu wa kuokota vipande" alikuwa ananiangalia mimi. Wenzangu wana digrii. Mimi nina cheti, na F ya hesabu ya kidato cha nne. Ipo kwenye faili langu, na anaijua.

Kuandika programu ndicho kitu pekee nilichowahi kufanya nikajiona nina akili. Nikitolewa hapo, Bibi, sitapata mlango mwingine.

Kwa hiyo najisomea. Nina kitabu cha kurasa mia tisa nilichokipakua bure. Nina video za mzungu mmoja mwenye sauti ya usingizi. Nina jukwaa la mtandaoni ambako unauliza swali na watu usiowajua wanakujibu kwa kukucheka. Kila nikitoka kazini naanza ukurasa wa kwanza, nikifika wa kumi na mbili nalia. Kitabu kinasema "ni rahisi kuona kwamba," halafu kinaruka. Mimi sioni. Narudi juu, nasoma tena, sioni.

Simu nimeizima kwa sababu nikisikia sauti yako nitakwambia nimeshindwa. Utaniambia rudi nyumbani, na mimi nitarudi.

Mjukuu wako,
Herieth


Manzese,
12 Aprili 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba. "Ni rahisi kuona"! Nilipofika hapo nikaikunja barua nikaenda mpaka bombani nikarudi, ndipo nikaweza kuendelea. Kama ni rahisi kuona, yeye kaandika kitabu cha nini? Si angenyamaza tukaona wenyewe? Kurasa mia tisa za mtu anayetuambia kwamba yeye anaona.

Na huyo Brightson mwambie... hapana, usimwambie, una kazi. Nitamwambia mie humuhumu kwenye barua. Brightson, baba, mtoto wa watu kakufanyia kazi miaka minne, dawa zinafika zahanati, wagonjwa wanapona, leo unamtazama kwa jicho la pembeni kwa ajili ya karatasi? Basi. Nimepumua.

Sasa nisikilize. Mie darasani sijaingia hata siku moja, hesabu zako sizijui na sitajidai nazijua. Na usiniletee yale maneno mliyoniletea mwaka juzi wewe na yule rafiki yako mwenye miwani, kwamba mkeka wangu eti ni hesabu. Mkeka wangu ni mkeka. Ingekuwa hesabu, ningekuwa nakaa kwenye kiyoyozi na Brightson ananiamkia.

Ila jambo moja nalijua. Nikiwa nasuka ukili wa mkeka, nikaona hapa mkononi umepinda, rangi hazikutani, sihangaiki na hapa mkononi. Hapa hapana kosa. Kosa lipo nyuma huko, dhiraa mbili, dhiraa tatu, ambako chane moja ya ukindu ilipita juu badala ya chini, mie sikuiona nikaendelea. Ukilazimisha hapa unazidi kuharibu. Unafumua, Herieth. Hata kama ni kazi ya wiki nzima, unafumua mpaka pale ulipokosea. Mama yangu kule Newala akimkuta msichana anakaza tu ukili uliopinda ili usionekane, alikuwa anamnyang'anya na kuutupa jikoni.

Wewe unaanza kitabu cha mtu ukurasa wa kwanza. Nani kakwambia kosa lako limo humo? Kaa chini ukumbuke: mara ya mwisho hesabu uliielewa lini? Siku gani hasa? Rudi mpaka hapo.

Nimempa Khalfani mihogo na samaki wa kukaanga. Mkate si chakula.

Auleria


Goba,
21 Aprili 2025

Shikamoo Bibi, na heri ya Pasaka. Najua umekasirika sikuja.

Barua yako niliisoma nikacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Halafu nikaacha kucheka. Kazini programu ikianguka mstari wa mia tisa, kitu cha kwanza tunachofanya ni kurudi nyuma kutafuta mstari wa kwanza ulioharibika. Nafanya hivyo kila siku. Haikunijia hata mara moja kujifanyia mwenyewe.

Kile kitabu kikubwa nimekifunga. Nikaenda kwa wale wanaopanga vitabu chini barabarani nikanunua vya shule, kidato cha kwanza na cha pili. Cha kwanza nimekimaliza kwa siku tano. Bibi, nilijibu karibu yote! Cha pili nikaanza vizuri, nikafika kwenye uwiano na asilimia, pakawa giza. Siyo kwamba nimesahau. Hapajawahi kuwepo kitu.

Ndipo nikafungua lile sanduku nililohama nalo, nikatoa daftari zangu. Kidato cha pili, Januari mpaka Juni: vyema, vyema, vyema, "Kazi nzuri Herieth." Kuanzia Julai hakuna kitu. Hakuna vyema wala kosa. Kurasa za kazi yangu ambazo mwalimu hakuzigusa.

Nikakumbuka. Mwalimu Isack. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza katoka chuo, na alikuwa ananipenda kama mwanafunzi wake bora. Tulipofungua shule Julai akawa ukuta. Nikinyoosha kidole anaangalia dirishani. Nikimpelekea daftari anasema mpe Madam Kokuberwa, na Madam Kokuberwa alikuwa anafundisha jiografia! Nilijiambia amegundua kwamba sina akili, alikuwa amejidanganya. Nikaacha kunyoosha kidole. Kutoka hapo mpaka ile F ni njia moja iliyonyooka.

Miaka kumi na miwili nimemchukia yule mtu. Nikikutana naye hata leo sijui nitamfanya nini. Wewe unamkumbuka? Uliwahi kusikia lolote?

Herieth


Manzese,
24 Aprili 2025

Herieth,

Barua nimeipata. Hongera kwa kidato cha kwanza. Huku mvua zinanyesha, bomba limepasuka tena. Mama yako mdogo Monica anakusalimu. Mambo ya zamani ni ya zamani, wewe soma. Nimekutumia maharage.

Bibi


Goba,
29 Aprili 2025

Shikamoo Bibi.

Unaumwa? Barua yako ilikuwa na mistari mitatu na hujamtukana mtu hata mmoja. Bomba limepasuka na hujamsema mwenyekiti wa mtaa! Nimemuuliza Khalfani, anasema wewe mzima, ila huchangamki, unasuka huku umeupa mlango mgongo.

Nilikuuliza kuhusu Mwalimu Isack. Ulisema nirudi mpaka pale nilipokosea. Nimerudi, nimesimama hapo, na hapo naona kuna mtu mwingine alikuwepo. Bibi, unajua nini?

Herieth


Manzese,
3 Mei 2025

Herieth mwanangu,

Kaa kwanza, ndiyo usome.

Mwaka ule, kabla hamjafunga shule mwezi wa sita, ulinijia na bahasha imefungwa. Ukasema, "Bibi, Mwalimu Isack kasema nikupe." Nikakwambia weka hapo. Ulipotoka nikaifungua. Mie wakati ule sikuwa najua hata herufi moja, na wewe hukujua kwamba sijui, maana daftari zako nilikuwa nazikagua kila jioni. Nilikuwa naangalia rangi tu. Bluu ni yako. Nyekundu ndefu ni kosa, nyekundu ya kukunja ni vyema. Ndivyo nilivyojua maendeleo yako.

Ile barua yote, juu mpaka chini, ilikuwa ya wino mwekundu.

Damu ikanipanda. Nikasema mtoto wa watu kafanya nini cha kuandikiwa ukurasa mzima wa makosa? Kukuomba wewe unisomee niliona haya. Kumpa jirani anisomee aibu za nyumba yangu, ndiyo kabisa. Asubuhi nikaenda shuleni. Nyie mlikuwa uwanjani kwenye michezo. Nikamkuta ofisini na walimu wenzake, nikamuuliza, unamtakia nini mjukuu wangu? Akatabasamu. Akasema, "Mama, nataka Herieth awe anabaki baada ya masomo."

Kijana wa miaka ishirini na kitu. Anataka binti wa miaka kumi na tano abaki baada ya masomo. Na anatabasamu.

Herieth, niliyoyasema pale siwezi kuyaandika. Nilimwambia mbele ya wote kwamba namjua ni mtu wa namna gani. Nikasema nikisikia kamwita, kamgusa daftari, hata kamtazama, nitakwenda polisi na baada ya polisi nitarudi mwenyewe na mwiko. Mkuu wa shule alinitoa nje kwa mkono. Nikarudi nyumbani najisifu. Nikakupikia wali siku ile, unakumbuka? Ukaniuliza kuna sherehe gani.

Ile barua nikaihifadhi iwe ushahidi. Wewe ulipomaliza kidato cha nne ukaenda chuo, nikabaki peke yangu na vitabu vyako vya chekechea, nikasema ngoja nijaribu. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma mifuko ya unga, mabango ya waganga, khanga za watu nikiwa nyuma yao kanisani. Mwaka mzima na nusu. Siku nilipojiona naweza kusoma barua, sikuwa na barua nyingine ndani ya nyumba ila ile.

Nimeiweka humu, isome mwenyewe. Anasema wewe na wenzako wawili amewachagua muandaliwe mashindano ya hesabu ya wilaya. Anaomba ruhusa yangu mbaki Jumanne na Alhamisi. Anasema Madam Kokuberwa atakuwepo wakati wote, nisiwe na wasiwasi. Na mwishoni kabisa anaomba radhi kwa wino, eti ndiyo kalamu pekee aliyokuwa nayo mfukoni.

Miaka minane najua hilo. Nikikuona una kazi, una furaha na kompyuta yako, najiambia basi, limepita, nani ataumia? Kumbe ulikuwa unakaa na F ile kama ni yako. Ile F ni yangu, Herieth. Mie ndiye niliyeipata.

Nisamehe.

Auleria


Goba,
5 Mei 2025

Bibi,

Miaka kumi na miwili nimejiita mjinga. Kila siku. Ukiwa umekaa pembeni yangu unanimenyea machungwa, nilikuwa najiita mjinga, na wewe unajua.

Kosa la mwaka ule naweza kulielewa. Hii miaka minane siielewi.

Usiniandikie mpaka nimalize mtihani.

H.


Manzese,
18 Mei 2025

Herieth,

Umesema nisikuandikie, na mie nimeandika. Ukitaka ichane, lakini ile karatasi nyingine iliyomo humu usiichane, siyo yangu.

Nimekwenda Tandale. Niliuliza shuleni, wakaniambia Mwalimu Isack bado anafundisha, amejenga upande ule, nyuma ya soko. Nilitembea kwa miguu, sikupanda kitu. Nilifika mlangoni kwake nikasimama, nafikiri dakika ishirini, mpaka mkewe akatoka akaniuliza, "Mama, unauza nini?"

Amekuwa mtu mzima, ana kitambi na mvi hapa pembeni. Alinijua palepale. Akarudi nyuma hatua moja, Herieth. Mtu mzima, nyumbani kwake, ananiogopa. Nikamwambia sijaja kwa shari, nimekuja kukuomba radhi, na nikaeleza yote, wino na kila kitu. Nilipiga magoti. Akanikataza, nikagoma kunyanyuka mpaka nimalize.

Halafu akasema, "Mama, mwaka ule wenzangu waliacha kunisalimia. Nilikaribia kuacha kazi." Nilidhani nimekuibia wewe peke yako. Kumbe niliiba nyumba mbili.

Akauliza, Herieth yuko wapi siku hizi? Nikamwambia anaandika programu za kompyuta. Akacheka, akashika kichwa. Nikamweleza mtihani. Akaniomba nisubiri, akaingia ndani, akatoka na karatasi ameandika, kwa bluu, mada zote alizofundisha tangu Julai ile mpaka mwisho wa kidato cha nne, moja baada ya moja, ipi itangulie ipi, na ipi unaweza kuiruka. Anasema hakuna kitabu wala video itakayokupa mpangilio huu, maana wao hawajui wewe uliishia wapi. Yeye anajua, kwa sababu ndiye aliyekuacha hapo. Mada ya kwanza ni uwiano na asilimia. Kasema usiiharakishe.

Na anakuomba radhi kwa ule ukuta. Nikamwambia kwamba hilo nitalifikisha, lakini ukuta niliujenga mie, yeye alishika tofali tu.

Hasira yako kaa nayo. Ni haki yako, sitakuharakisha. Maharage yapo kwenye kopo la bluu.

Auleria


Goba,
28 Juni 2025

Bibi, shikamoo.

Karatasi sikuichana. Nimeifuata mada kwa mada, wiki nne na nusu. Kila mada nilitafuta video yake, kama ya Kiingereza haieleweki natafuta nyingine, ya tatu, ya nne, mpaka nimpate anayeeleza kama mtu. Kisha nafanya mazoezi ya kitabu cha shule, kisha naandika programu ndogo inayofanya hesabu ileile ili nione kama nimeelewa au nimekariri. Kwenye asilimia nilikaa siku tisa. Nilikuwa naona aibu, mtu wa miaka ishirini na saba, siku tisa kwenye asilimia. Sikuiharakisha.

Mtihani tulifanya tarehe 20. Jumanne majibu yakaja. Sitini ndiyo ya kupita. Nilipata hamsini na sita.

Brightson akaniita, akasema kwa upole kabisa kwamba nimejitahidi, nianze kukabidhi kazi zangu. Nikaomba karatasi yangu niione. Nilitaka tu kujua nilikosea wapi. Na nikaona swali la tano, maksi sita, amenipa sifuri. Linasema hivi: zahanati moja ina wagonjwa ishirini, asilimia kumi walikosa dawa. Nyingine ina wagonjwa themanini, asilimia arobaini walikosa. Kwa zote mbili kwa pamoja, ni asilimia ngapi waliokosa? Mimi nimeandika thelathini na nne. Jibu lake ni ishirini na tano.

Nikamwambia, "Kaka, hii yangu ni sahihi." Akasema wastani wa kumi na arobaini ni ishirini na tano, hata mtoto anajua. Wenzangu wote waliandika ishirini na tano, Bibi, na digrii zao. Nikachukua kalamu ya ubaoni. Asilimia kumi ya watu ishirini ni watu wawili. Asilimia arobaini ya themanini ni thelathini na wawili. Jumla watu thelathini na wanne, kati ya mia moja. Nikasema, "Tuhesabu watu, tusihesabu asilimia."

Halafu mwenzangu mmoja, Fredrick, akafungua programu yetu kwenye kompyuta yake, akasoma, akasema polepole, "Jamani, hata humu tumeweka wastani wa namna hiyohiyo." Mwaka mzima tumekuwa tukizipigia zahanati kubwa hesabu pungufu. Dawa zinaisha, wanapiga simu kulalamika, tunawaambia hawajui kutumia programu.

Brightson akasema "tutaliangalia," akatoka. Jana asubuhi nimekuta kwenye barua pepe alama zangu zimebadilishwa, sitini na mbili. Hakuna neno lingine. Nimebaki kwenye kuandika programu, na kazi ya kurekebisha lile kosa nimepewa mimi.

Hasira sijaimaliza, Bibi. Nataka nikwambie ukweli. Inapungua, halafu usiku au mchana inarudi. Lakini Jumamosi ijayo nitakuja kula, na nitapita Tandale kwanza kumwamkia mwalimu wangu.

Herieth


Manzese,
Jumapili, 29 Juni 2025

Herieth mwanangu,

Sitini na mbili. Nimeisoma kwa sauti mpaka Khalfani akasema ameshaelewa.

Hasira isipoisha Jumamosi, njoo nayo, tutakula nayo. Mie sitakuuliza.

Ila nimeisoma barua mara tatu natafuta mahali fulani sipaoni. Umesema alikurudishia maksi. Hujasema alikuomba radhi. Mtu kakupa sifuri kwa jibu la haki, kakwambia hata mtoto anajua, kakuambia ukabidhi kazi, halafu anabadilisha namba kimyakimya kwenye kompyuta kama mwizi anayerudisha sufuria usiku? Na wale wa zahanati walioambiwa hawajui, nani kawapigia simu? Ana digrii na hajui kusema nimekosea! Mie sina digrii na nimelisema neno hilo nikiwa kwenye sakafu ya mtu Tandale, na magoti haya, na bado ninaishi.

Leo baada ya misa nilijifunga kitenge kipya, nikamuuliza Khalfani kesho anichukue saa ngapi kunipeleka huko ofisini kwenu. Akasema saa mbili. Nikakubali. Nimefika nyumbani nikakaa, nimekaa sana, halafu nikamwambia asije.

Siji. Aliyekosewa ni wewe na mdomo unao. Kesho ingia kwake, funga mlango, usipige kelele. Mwambie, "Kaka Brightson, hukuniomba radhi, na zahanati hazijaombwa radhi." Maneno hayo tu. Halafu nyamaza, umtazame mpaka aseme.

Bibi yako,
Auleria